Maoni Juu ya Kifungu cha Tisa

Maricao, 11 Februari 2019

Kwa Ofisi ya Leseni za Walinzi na Wapelelezi wa Binafsi,
San Juan.

Salamu za heshima. Natumaini barua hii inawakuta nyote wazima katika ofisi hiyo, pamoja na familia zenu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Jina langu ni Wenceslao Irizarry. Nina umri wa miaka hamsini na minane, na kazi ya ulinzi nimeifanya kwa miaka kumi na tisa. Kwa sasa nalinda shule ya msingi iliyofungwa huku milimani. Hakuna mwanafunzi wala mwalimu. Kuna madarasa tisa, jiko, bustani, na mimi.

Tangazo lenu gazetini linasema kwamba mnaandaa kanuni za bastola za umeme kwa walinzi na wapelelezi wa binafsi, na kwamba kila raia anaweza kutoa maoni kwa barua, na kila barua itajibiwa. Nimeagiza rasimu na kuisoma mara tatu. Lindo langu linanipa nafasi ya kusoma.

Maoni yangu ni juu ya kifungu cha nne, kinachosema kwamba mlinzi hatapewa leseni ya bastola hiyo mpaka yeye mwenyewe apigwe nayo kwa sekunde tano mbele ya mkufunzi. Naafiki. Mimi nilipigwa miaka miwili iliyopita, katika mafunzo ya kampuni, Mayagüez. Mwili unakuwa ubao. Huwezi kukunja goti, huwezi kutanguliza mkono. Ndiyo maana kifungu kinaagiza watu wawili wamshike mwanafunzi, mmoja kulia na mmoja kushoto, wamlaze taratibu juu ya godoro. Mimi nilishikwa na vijana wawili wanaolinda benki. Mmoja alinong'ona, "Tulia mzee, tumekushika." Nilitulia.

Sasa nauliza. Huko kazini, anayepigwa anashikwa na nani? Nimepitia vifungu vyote ishirini na viwili, sikuona. Napendekeza kiongezwe kifungu kwamba mlinzi asipewe bastola ya umeme mahali anapolinda peke yake.

Wenu mtiifu,
Wenceslao Irizarry


San Juan, 4 Machi 2019

Bwana Irizarry,

Maoni yako ya tarehe 11 Februari yamepokelewa na kuwekwa katika jalada la maoni kama hati namba mbili. Ofisi inakushukuru kwa kushiriki.

E. Villafañe,
Karani


Maricao, 15 Machi 2019

Bwana au Bibi Villafañe,

Salamu nyingi, na natumaini u mzima.

Barua yako nimeipata. Usinichukulie kuwa mkorofi, lakini haikuwa na salamu. Huku kwetu hata mtu akija kukudai anaanza na habari za asubuhi, ndipo ataje kilichomleta. Katika shule hii ninayoilinda nilisoma mimi mwenyewe, na mtunza shule wetu, Don Fundador Caraballo, ndiye aliyefungua lango kila siku. Mtoto aliyepita bila kumwamkia hakukemewa. Don Fundador alimgeuzia mgongo tu, akashika ufagio, akangoja. Ulirudi nje ya lango na kuingia upya. Siku moja nilirudishwa mara tatu kwa sababu nilikuwa na hasira na nilisalimu kwa kunung'unika. Sasa nina mvi, na bado sipiti mlango wa mtu nikiwa kimya.

Umesema mimi ni hati namba mbili. Namba moja ni nani?

Nimeendelea kuisoma rasimu. Kifungu cha tisa, kinachotaja maneno ya onyo, nakisifu. "Simama. Nina silaha ya umeme. Nitafyatua." Mara tatu, kwa sauti kubwa, bila kuongeza wala kupunguza. Ni maneno mafupi, na mtu mwenye hofu anahitaji maneno mafupi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo mtu anavyosema hata akili yake ikiwa imemkimbia.

Huku mvua bado ni za mchana. Don Fundador mwenyewe yu hai, ana miaka sabini na tisa, lakini alianguka kutoka kwenye uzio wa shule kabla ya Krismasi akavunjika nyonga. Anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka hapa. Jioni nikitoka lindoni nampelekea chakula, naye anakilaumu kwa chumvi na kukimaliza. Mimi pia naishi peke yangu. Baada ya kimbunga cha mwaka juzi mke wangu Milagros alikwenda kwa dada yake Pennsylvania kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa kumi na nane.

Wako,
Wenceslao Irizarry


San Juan, 2 Aprili 2019

Don Wenceslao,

Habari za asubuhi. Umenirudisha nje ya lango, nami naingia upya. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Don Fundador vilevile, na mvua zisikusumbue sana.

Mimi ni mwanamke. Jina langu ni Eneida, na nipo katika ofisi hii tangu mwaka 1988. Tulikuwa makarani kumi na wanne katika ghorofa hii. Wengine wamestaafu mapema, wengine wamehamishwa. Madawati yao bado yapo, kila moja limebandikwa namba ya kuondolewa. Namwagilia maua ya watu wanne ambao sidhani kama watayarudia. Nawasha redio asubuhi, si kwa sababu naisikiliza.

Hati namba moja ni ya mpelelezi wa binafsi wa Bayamón. Analalamikia kifungu cha sita, kinachotaka bastola ya umeme iwe ya rangi ya manjano ili isidhaniwe kuwa bastola ya kweli. Anauliza atamfuataje mume wa mtu mpaka hotelini akiwa na ndizi mbivu kiunoni. Ameambatisha picha yake akiwa amevaa koti, ili tuone jinsi inavyochungulia. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi wa chini akapanda kuangalia kuna nini.

Basi mko wawili tu, wewe na yeye. Kisiwa kizima kina walinzi maelfu, na waliosoma rasimu ni wawili. Pendekezo lako nimelichapa upya kwa mashine na kuliweka juu kabisa ya jalada.

Endelea kuandika juu ya vifungu vingine ukipata nafasi. Na nisamehe nikiuliza: mzee wa miaka sabini na tisa alikuwa anatafuta nini juu ya uzio?

Wako,
Eneida Villafañe


Maricao, 29 Aprili 2019

Doña Eneida,

Salamu. Mimi ni mzima. Nimechelewa kukuandikia na sina sababu nzuri ya kutoa.

Juu ya kifungu cha kumi na tatu nina swali. Kinasema mlinzi aliyefyatua bastola ya umeme atatoa taarifa kwa ofisi ndani ya saa ishirini na nne. Je, mlinzi aliyefyatua kabla ya kanuni hizi, na kampuni yake haina habari, ataguswa na kifungu hiki? Nauliza kwa ajili ya kuelewa tu.

Don Fundador anakusalimu. Nilimweleza habari za mpelelezi wa ndizi mbivu. Alisema mume huyo kama hamwoni mtu wa namna hiyo nyuma yake, basi anastahili kuachwa kwa upofu wake na si kwa uzinzi.

Wenceslao


San Juan, 8 Mei 2019

Don Wenceslao,

Salamu kwako na kwa Don Fundador.

Juu ya swali lako. Wajibu wa kutoa taarifa haukuanza na kanuni hizi. Umo tayari katika leseni yako ya ulinzi, ukurasa wa pili. Aliyefyatua na kunyamaza ana kosa, leo na jana.

Sasa nakwambia jambo ambalo karani hapaswi kusema. Kama swali lako ni la kubuni, nimekwisha kulijibu. Kama si la kubuni, usiliandike katika karatasi inayokuja kwangu. Nikilisoma nitakuwa nimelijua, na mimi nimekula kiapo.

Niandikie juu ya mvua. Niandikie juu ya chumvi.

Eneida


Maricao, 20 Mei 2019

Doña Eneida,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na maua ya wenzako yanaendelea vizuri.

Nimeisoma barua yako kila siku kwa siku tano. Najua ulichonikinga nacho. Lakini nikikaa kimya, pendekezo langu ni maneno ya mzee mmoja asiye na la kufanya. Wakubwa wako watauliza, "Huyu anajuaje?" Jibu ni hili.

Tarehe 19 Desemba mwaka jana, saa kumi alasiri, nilikuwa lindoni na mvua inanyesha. Mwezi huo wezi wa nyaya za shaba walikuwa wameingia mara mbili, na msimamizi wangu alisema nikiibiwa mara ya tatu nisirudi kazini. Nyuma ya jiko kuna bustani ambayo watoto walipanda mbaazi mwaka wa mwisho kabla ya kufungwa. Mbaazi hizo zimeachwa, zimekuwa msitu. Niliona mgongo ndani yake. Mgongo wa koti la mvua, kofia imevutwa juu, na panga mkononi.

Nilisema maneno ya kifungu cha tisa. Hakugeuka. Nikayasema tena. Aliacha kukata, akasimama tu amenipa mgongo. Nikayasema mara ya tatu, naye akainua panga. Nikafyatua.

Doña Eneida, alikuwa anainua panga akate tawi.

Sekunde tano ni ndefu, na nilizihesabu kama nilivyofundishwa. Alianguka ubavu, mzima mzima, juu ya ukingo wa saruji wa bustani. Hakukuwa na mtu kulia wala kushoto. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia sauti yake. Nilipomgeuza na kuondoa kofia alikuwa Don Fundador, na mfukoni alikuwa na mbaazi zisizozidi kibaba, za wali wa Krismasi. Nadhani masikio yake yamechoka. Mimi ndiye nilipaswa kujua hivyo. Nimemjua tangu nikiwa na miaka sita.

Alipoweza kusema hakunitukana. Alisema, "Nimeanguka kutoka kwenye uzio. Umesikia? Kwenye uzio." Ana binti mmoja, Nydia, yuko Kissimmee, Florida. Kila mwaka anataka kumchukua, na kila mwaka mzee anamwambia kwamba huku hana adui na kila mtu anamtazama. Binti akijua kwamba babake alipigwa umeme na mlinzi wa shule yake mwenyewe, atakuja na tiketi mbili.

Basi nikavitoa vishale vya bastola kwenye koti lake, nikasema uongo kwa gari la wagonjwa, kwa kampuni, na kwa Padre. Unajua kwamba bastola hii ikifyatuliwa humwaga vipande vya karatasi vidogo, duara, vyenye namba ya mlinzi aliyekabidhiwa. Niliviokota nikiwa nimepiga magoti. Mvua ilikuwa imevigandisha kwenye majani ya mbaazi. Mpaka Januari nilikuwa bado naviona. Naambatisha vitatu. Namba yangu inasomeka kwa miwani.

Jana nilimwambia Don Fundador kwamba naandika. Aliweka kijiko chini. Alisema, "Andika, uone. Wewe utalala usingizi, mimi nitalala Kissimmee." Kisha akaniomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Hiyo ndiyo sababu ya pendekezo langu. Liwekeni.

Wenceslao Irizarry


San Juan, 3 Juni 2019

Don Wenceslao,

Habari za asubuhi. Sijui kama ninastahili kukuamkia.

Kanuni zilitiwa saini tarehe 28 Februari. Muda wa maoni ulikwisha tarehe 15 mwezi huo, na barua yako ya kwanza ilinifikia tarehe 19. Niliigonga tarehe ya kupokelewa, nikaiweka katika jalada ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa, nikakujibu mistari miwili kama ilivyo desturi. Hapo ndipo ningepaswa kukwambia. Badala yake ulinikemea kwa kutosalimu, na hakuna mtu aliyekuwa amenikemea kwa lolote tangu mama yangu afariki. Nikataka barua nyingine. Nilisema nimeliweka pendekezo lako juu kabisa ya jalada, na ni kweli. Sikusema kwamba jalada liko kabatini.

Wewe umetoa siri yako ili ubadilishe kitu kilichokwisha kukauka. Mimi ndiye niliyekuacha uitoe.

Barua yako ya tarehe 20 ninayo ndani ya mkoba wangu. Sijaigonga muhuri. Bahasha iliandikwa jina langu, haikuandikwa jina la ofisi. Nakuuliza, na nitafanya utakavyojibu: ulimwandikia nani? Kama uliniandikia mimi, ni barua ya rafiki, na nitakufa nayo. Kama uliiandikia ofisi, nitapiga muhuri, na mimi mwenyewe nitaeleza kwa nini imechelewa.

Vipande vyako vitatu nimevitia ndani ya bahasha ndogo. Ni vyepesi mno. Nabana pumzi ninapoifungua.

Eneida


Maricao, 10 Juni 2019

Doña Eneida,

Salamu za mwanzo wa barua zilikuwa zako wewe. Yaliyobaki ni ya ofisi.

Piga muhuri.

Wenceslao


San Juan, 23 Agosti 2019

Don Wenceslao,

Habari za asubuhi. Natumaini ulifika nyumbani salama.

Uamuzi rasmi utaupata kwa barua ya rejesta. Leseni yako imefutwa moja kwa moja. Kampuni imeonywa kwa kutosoma kumbukumbu za bastola zake. Mimi nimepewa karipio la maandishi, la kwanza katika miaka thelathini na mmoja, na nimeliweka katika jalada langu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa hakuna karani mwingine wa kuliweka.

Yaliyotokea kikaoni, shauri lako liliposikilizwa, uliyaona, lakini huenda hukuyaona yote, kwa kuwa ulitazama mikono yako tangu mwanzo mpaka mwisho. Don Fundador aliapa kwamba alianguka kutoka kwenye uzio. Mwenyekiti alimwuliza uzio una urefu gani. Akajibu kwamba unatosha. Watu walicheka, na hata mwenyekiti aliinamisha uso. Ndipo wewe ukaomba ruhusa, ukatoa kopo la kahawa, ukamimina vile vipande mezani. Feni ilivipeperusha. Vilimwangukia kila mtu. Kimoja kilitua kwenye mkono wa kile chuma anachotembelea Don Fundador, na binti yake Nydia, aliyekaa nyuma yake, alinyoosha mkono akakichukua na kukisoma. Sikuona mtu akipiga kelele. Aliinama tu, akamwuliza babake jambo sikioni.

Don Fundador alipopita mbele yako wakati wa kutoka alisema, "Umefurahi sasa?" Nililazimika kuliandika hilo katika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa hajafunga rasmi.

Mwanamke aliyekuwa mwisho wa meza, mwenye miwani na blauzi ya kijani, aliyeandika bila kuinua kichwa, ndiye mimi. Kanuni haziruhusu karani azungumze na mwenye shauri. Uliingia ukasema, "Habari za asubuhi nyote," na watu wanane hawakukuitikia, kwa kuwa walikuwa wakitafuta karatasi zao. Mimi niliitikia, lakini moyoni.

Jambo moja nakwambia kwa furaha niliyobaki nayo. Kwa kuwa sasa kuna shauri lenye uamuzi, sheria inalazimisha kanuni zipitiwe upya, na maoni yatapokelewa tena kuanzia Desemba. Pendekezo lako ni hati ya kwanza. Sitakuwapo kulisoma. Nastaafu Ijumaa ijayo. Atakuja kijana kutoka ghorofa ya pili, na nimemwachia maelekezo mawili: maua anayamwagilia Jumatatu na Alhamisi, na kila barua inaanza na salamu.

Anwani yangu ya nyumbani iko nyuma ya bahasha. Hulazimiki kuitumia.

Eneida Villafañe


Kissimmee, Florida, 1 Desemba 2019

Wenceslao,

Habari za asubuhi. Naandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia mwandiko. Wajukuu wangu wanaandika kwa vidole gumba tu.

Niko mzima. Nyonga inauma ikikaribia mvua, na huku mvua hairuki siku. Nydia ni mwema. Amenipa chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na jirani ni mwema pia, nadhani. Sijamwona. Watu hapa wanaingia na kutoka wakiwa ndani ya magari, na lango linajifungua lenyewe. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kusimama karibu nalo. Yalipita magari arobaini na moja. Hakuna aliyesalimu, na lango halikumgeuzia mgongo hata mmoja.

Nilikukasirikia sana. Nilikuwa na nyumba, nikawa na chumba. Nilisema nitakufa bila kukuandikia. Lakini yule mama wa San Juan aliniandikia barua ndefu kuniomba radhi kwa makosa ambayo mengine hata si yake. Nimemjibu. Aliniambia wanapokea maoni tena mwezi huu juu ya silaha zenu zile, na kwamba wewe unadhani mimi ni kiziwi.

Mimi si kiziwi, Wenceslao.

Nilikusikia mara ya kwanza. Sauti yako naijua tangu haijavunjika. Nilisema moyoni, huyu mtoto wa mama Monserrate anacheza uaskari. Ulisema simama, na nilikuwa nimesimama. Ulisema una silaha, na mimi nilikuwa na mbaazi. Hukusema habari za jioni. Basi nikakugeuzia mgongo nikangoja, kama nilivyokungoja pale langoni siku ile uliyokuja umenuna. Ukasema mara ya pili, bila salamu. Nikangoja. Ukasema mara ya tatu. Nikaona mtoto huyu hajajifunza lolote, acha nikate tawi langu.

Ungesalimu hata mara moja, ningegeuka. Nami ningegeuka hata mara moja, ungenijua. Hayo sikuyasema kikaoni, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuapa habari za uzio, na kwa sababu ni aibu kwa mzee kuvunjika nyonga kwa ukaidi. Wewe ulipoteza kazi, nami nilikaa nimenyamaza. Sasa tumelipana.

Kwa hiyo waandikie. Sema Fundador Caraballo, mtunza shule mstaafu, ana maoni juu ya kifungu cha tisa. Kabla ya yale maneno matatu yao, mlinzi aseme habari za asubuhi, au za jioni, kulingana na saa. Mwizi atakimbia. Mtu atageuka. Hapo mlinzi ataujua ukweli bila kumwaga vile vipande vya karatasi. Pendekezo lako la watu wawili pia ni zuri, lakini hawatalikubali, kwa kuwa mtu wa pili anakula. Salamu haili.

Nydia ananunua mbaazi za kopo. Zina ladha ya kopo. Zile za shuleni zimekomaa wiki hii, na zikipita Krismasi zitakuwa mawe. Ingia kwa nyuma, penye tundu, upande wa choo cha zamani. Vaa koti, majani yanawasha. Nusu mpelekee yule mama wa San Juan, kwa kuwa nasikia hana mtu wa kumpikia, wala wewe huna. Zangu zianike, uzitie kwenye soksi, uzitume.

Sijui aliyewekwa lindoni sasa ni nani. Akikupigia kelele, geuka upesi, na wewe umsalimie kwanza. Huenda hakufundishwa.

Fundador Caraballo